Watoto Wetu na Pikipiki za Magurudumu Manne

Tunataka mwezi huu kuzungumza na wazee na vijana juu ya jambo ambalo babu zetu hawakulijua, na ambalo sisi wenyewe kwa muda mrefu tulilidhani kuwa ni mchezo wa wageni tu. Nalo ni hizi pikipiki za magurudumu manne ziendazo mchangani na porini, ambazo vijana wetu huziita kwadi. Tumechelewa kuliandika kwa kuwa tuliona halituhusu. Sasa limetugongea mlangoni.

Yuko mzee mmoja mtaani kwetu, hapa Unguja, ambaye jina lake hatutalitaja, ingawa ruhusa ya kuandika kisa chake ametupa yeye mwenyewe. Katika ujana wake alikuwa baharia wa majahazi, na hadi leo ukitaka kujua upepo utageuka lini huna haja ya kumwuliza mwengine. Binti yake ameolewa Maskati na amejaaliwa watoto wanne huko. Mwaka jana mzee alialikwa kwenda kusali Idi pamoja na wajukuu zake, akaenda kwa furaha kubwa, kwani alikuwa hakuwaona kwa miaka mitatu.

Siku ya pili ya Idi jamaa wote walitoka kwenda kutembea kwenye mchanga wa Bawshar. Hapo ni vilima vya mchanga vilivyobaki ndani ya mji, vimezungukwa na majumba na mabarabara. Jioni za sikukuu watu hukusanyika na watoto wao, na pembeni wapo wanaokodisha kwadi. Mjukuu mkubwa wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amekwisha kumwomba baba yake na baba yake amekwisha kumkataza. Basi mtoto akamgeukia babu, akamshika kanzu. Watoto wote wanaijua njia hiyo, na sisi wazee wote tunajua mwisho wake. Babu akatia mkono mfukoni akatoa riali.

Mwenye kukodisha hakuuliza umri. Alimvisha mtoto kofia ngumu ya mtu mzima, ikawa inamcheza kichwani, akamwonyesha pa kubonyeza mafuta na pa kushika breki, akamwambia aende. Mtoto alizunguka mara mbili huku watu wakimpigia makofi. Mara ya tatu alitaka kukipanda kilima kwa upande, kwadi ikainama, kisha ikapinduka. Usukani ulimpiga tumboni na chombo kikamlalia mguu. Wanaume wanne walikimbia wakakiinua. Mtoto akasimama, akalia kidogo kwa haya, akasema hana kitu. Alikung'utwa mchanga, akanunuliwa aiskrimu, wakarejea nyumbani.

Usiku ule alianza kutapika. Alikuwa mweupe wa midomo, baridi wa viganja, hataki kuguswa tumbo. Walipomfikisha hospitali madaktari waliona kuwa wengu limepasuka na damu inamwagika ndani. Alikaa hospitali siku nane. Mwenyezi Mungu alimponya, na leo anakwenda skuli. Lakini mama yake mpaka sasa huamka usiku kwenda kumsikiliza kama anapumua.

Mzee aliporejea Unguja alitujia barazani baada ya sala ya Alasiri. Hakunywa kahawa. Alisema, "Maalim, nataka uniambie neno moja tu. Hii si kadari?"

Swali hili tumelisikia mara nyingi katika nyumba za msiba na za wagonjwa, na aghlabu hatulijibu, kwa sababu mtu aliyefikwa hahitaji somo. Lakini mzee huyu hakuja kuliwazwa, alikuja kuuliza. Basi tulimjibu kwamba kadari tunaiamini, na asiyeiamini hana imani. Na kwamba kila mwanafunzi aliyekaa chuoni wiki moja anakijua kisa cha yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga, na anajua alichoambiwa. Tukamwambia, "Mzee wangu, kadari ni ya Mwenyezi Mungu, lakini riali ilitoka mfukoni mwako." Maneno haya yalikuwa mazito, na tulipoyatamka tulijuta nusu. Yeye alitikisa kichwa tu, akasema, "Ndivyo nilivyodhani." Ama hukumu za sharia kwa mtu aliyesababisha dhara bila kukusudia, hizo zina wenyewe masheikh, nasi ni mwalimu wa juzuu amma, hatutazigusa.

Hapana aliyepata kumweleza mzee ni chombo gani alichompandisha mjukuu wake. Sisi pia hatukukijua, maana elimu yetu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi. Lakini yuko mwanafunzi wetu wa zamani ambaye leo ni muuguzi huko Maskati. Tukamwandikia, naye akatueleza kwa urefu, jioni baada ya jioni, mpaka tukafahamu.

Kwadi ya mtu mzima ina uzito wa kilo 250 hadi 350, na mtoto wa miaka tisa ana kilo 30 hivi. Basi anapandishwa juu ya kitu kilichomzidi yeye mara kumi. Tena chombo chenyewe kimeinuliwa juu ya ardhi ili kipite kwenye mawe na matuta, na magurudumu yake ya kulia na ya kushoto hayakuachana sana. Kitu kilichoinuka juu na chini yake ni chembamba hupinduka kwa wepesi, na kulijua hilo hakuhitaji mhandisi. Matairi yake ni mapana na laini, yametiwa upepo kidogo kabisa ili yasizame mchangani. Kwenye lami matairi hayo hayo hung'ang'ania pasipotakiwa, na ndiyo maana huko Marekani zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa kwadi hufia barabarani, mahali ambapo chombo hiki hakikufanyiwa kwenda.

Liko jambo jengine lisiloonekana kwa macho. Gari lina kitu ambacho mafundi wetu hukiita difu, na kazi yake ni kuliwezesha gurudumu la nje kwenda mbio kuliko la ndani wakati wa kukata kona. Kwadi nyingi hazina kitu hicho nyuma. Magurudumu mawili ya nyuma yameshikana katika mti mmoja wa chuma na huzunguka sawasawa, kwa hiyo ukipinda usukani chombo hutaka kuendelea mbele, kisha hukata kwa ghafla. Mpandaji hana budi kukisaidia kwa mwili wake mwenyewe: kuegemea ndani ya kona, kusogea mbele akipanda kilima, kurudi nyuma akishuka. Kiti kimefanywa kirefu kwa ajili hiyo. Watu wengi hukiona kile kiti wakadhani kirefu kwa sababu ya abiria, wakapakia mtoto nyuma na mwengine mbele, na hapo mpandaji hana tena pa kusogea.

Tulipomsomea mzee maneno haya alitukata kauli. "Basi ni kama joshini," alisema.

Kwa wasomaji wetu wa bara, joshini ni ule upande wa chombo unaotokea upepo. Upepo ukizidi, jahazi au mashua ikalala upande wa pili, mabaharia hukimbilia joshini wakauzuia ulalo kwa uzito wa miili yao. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba katika miaka yake yote ya bahari hakupata kuona nahodha akimtuma mtoto joshini kuzuia chombo. Mtoto hukalishwa chini akafua maji ya ngamani. "Uzito hana," alisema.

Na sisi hatukuona maelezo bora kuliko hayo. Mjukuu wake hakukosa ushujaa. Hakukosa hata utiifu, kwani alifanya kila alichoonyeshwa na yule mkodishaji. Alikosa uzito, alikosa urefu wa mikono na miguu, na alikosa ule ujuzi wa kuupima mteremko kwa jicho ambao mtu haupati ila kwa miaka. Mafuta ya kwadi hubonyezwa kwa kidole gumba, na mtoto anaposhtuka hukaza mkono wote. Akikaza mkono, kidole hubonyeza, na chombo huzidi kwenda pale pale alipotaka kisimame. Kumwambia mtoto wa namna hii "kuwa mwangalifu" ni kumtaka alipe deni kwa fedha asizokuwa nazo.

Nchi iliyoandika zaidi khabari za balaa hili ni Marekani. Kampuni ya Honda ya Japani iliingiza huko mwaka 1970 pikipiki pana ya magurudumu matatu, na za magurudumu manne zikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zile za matatu zilipindua watu kwa wingi, hata mwaka 1988 serikali na makampuni wakafikia mapatano mahkamani: za matatu zisiuzwe tena, na za manne zenye injini kubwa zisiuzwe kwa ajili ya mtu aliye chini ya miaka 16. Mapatano yalikuwa ya miaka 10. Mwaka 2008 Bunge lao lilitunga sheria iliyopiga marufuku kuingiza na kuuza za magurudumu matatu mpya, na kuzilazimisha za manne kufuata kanuni, pamoja na kubandikwa kibandiko cha umri wa mpandaji.

Pamoja na hayo yote, tangu mwaka 1982 hadi katikati ya miaka ya 2010, vyombo hivi viliua katika nchi hiyo zaidi ya watu 14,000, na katika hao zaidi ya 3,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 16. Ukiwapanga maiti watano watano, katika kila safu yumo mtoto. Waliofikishwa vyumba vya dharura wakiwa na majeraha, kati ya mwaka 2010 na 2016, walikuwa laki moja hivi kila mwaka, pengine pungufu kidogo, pengine zaidi, na robo yao watoto. Wengi huumia kichwa, kifua, tumbo na mifupa. Wengine hawapati jeraha la kuonekana kabisa: chombo huwalalia kifuani na pumzi ikashindwa kuingia.

Jumuiya ya madaktari wa watoto wa nchi hiyo ilitangaza mwaka 2000, na ikakariri mwaka 2022, kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 asipande kwadi kabisa, si kama dereva, si kama abiria. Makampuni yanasema vyengine. Wao hutengeneza kwadi ndogo za watoto wa miaka 6, za miaka 10 na za miaka 12, kila moja na kiwango chake cha mwendo; ile ya miaka 6 isipindukie kilomita 24 kwa saa. Tumezipima kauli hizi mbili. Makampuni yana haki ya kuuza, na kwadi ndogo hapana shaka ina nafuu kuliko kubwa. Lakini madaktari hawapati faida yoyote kwa kutukataza, na wao ndio wanaowapokea watoto mlangoni. Sisi tumesimama na madaktari.

Hasa yako mambo yaliyotokea katika jimbo moja la huko, Massachusetts. Mwaka 2010 jimbo hilo lilitunga sheria ya kuwakataza watoto walio chini ya miaka 14 kuendesha vyombo hivi, isipokuwa wachache katika mashindano na mafunzo yenye usimamizi. Watafiti walipohesabu baadaye, watoto wa miaka 10 hadi 13 waliofikishwa vyumba vya dharura kwa ajali hizi walikuwa wamepungua kwa kadiri ya nusu. Tulimsomea mzee na haya. Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa kadari za watoto wa Massachusetts. Sisi tunachokiona ni kwamba wakubwa wao waliuzuia ufunguo.

Australia nao, ambako kwadi hutumika katika mashamba ya ng'ombe na kondoo na wakulima wengi wamekufa chini yake, waliweka kanuni mwaka 2019. Tangu Oktoba 2021 kwadi mpya ya kazi haiuzwi huko bila ya kufungwa kinga ya chuma nyuma, ili chombo kikipinduka kisimbane mtu ardhini. Makampuni kadhaa makubwa yaliona bora kuacha kuuza huko kuliko kuifuata kanuni hiyo.

Turudi kwa jamaa zetu wa Ghuba, ambao ndio tunaowakusudia zaidi, kwani hapana mtaa wa Unguja, Pemba au Mombasa usiokuwa na ndugu huko. Inapoingia baridi, tangu Novemba hadi Machi, watu wa nchi zile hutoka kwenda kupiga kambi mchangani. Ni desturi nzuri, ya kukaa na jamaa, kuota moto na kusali chini ya nyota, na sisi tuliopata kualikwa hatuisahau. Lakini watoto hukaa bure mchana kutwa, na kwadi zimepangwa mstari. Kwenye pwani ya Sealine huko Qatar, Shirika la Tiba la Hamad hufungua kliniki kila msimu wa kambi, na madaktari wa nchi hiyo wamewaonya wazazi mara nyingi juu ya watoto na vyombo hivi.

Muuguzi wetu ametueleza pia khatari ya mchanga wenyewe. Kilima cha mchanga kina upande unaopandika na upande uliokatika. Anayepanda haoni kilichopo ng'ambo mpaka afike kileleni, na akifika kileleni kwa kasi huwa amekwisha kurushwa. Huko chini pengine pana gari, pengine pana mtoto mwenzake. Ndiyo maana waendeshaji wazoefu hufunga bendera ndefu nyuma ya chombo, ionekane kabla yake.

Wako watakaotujibu, na tayari wako waliotujibu pale barazani, kwamba Waislamu tumehimizwa tuwafundishe watoto wetu kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi, na kwamba kwadi ndiyo farasi ya leo. Hoja hii ina utamu, na kijana aliyeileta aliitoa kwa ufasaha. Lakini aangalie neno lenyewe: kuwafundisha. Mtoto anayefundishwa farasi huanza kwa kuongozwa, mwalimu ameshika kamba, siku nyingi, kabla hajaachiwa hatamu. Na farasi mwenyewe ana macho na ana khofu. Akifika penye shimo husita, akiona kiumbe mbele yake hukwepa. Mwenye kupanda farasi ana akili mbili, yake na ya mnyama. Kwadi haina akili hata moja, na mtoto huletewa kwa dakika kumi na tano za kukodi bila ya somo lolote. Anayetaka kweli kulifuata himizo lile, bahari tunayo na haina kodi. Ni wangapi katika watoto wetu wa mjini leo wanajua kuogelea? Lakini hilo ni somo la mwezi mwengine.

Wengine husema, mvishe kofia ngumu basi. Ndiyo, avae, na iwe ya kichwa chake yeye, imefungwa kidevuni; kofia hupunguza majeraha ya kichwa na hapana ubishi. Hata hivyo kofia haikulizuia wengu la mtoto wa kisa chetu, na haiwezi kuzuia kilo 300 zisilale juu ya kifua. Tunaogopa kwamba kwa baadhi ya wazazi kofia imekuwa hirizi: wakishaivalisha huona wamemaliza.

Sasa tunataka kusema neno na wenzetu wazee, na tunajitia na sisi ndani yake. Katika kisa hiki baba alikuwa amekwisha kukataza. Aliyefungua alichokifunga ni babu. Tumeuliza-uliza mitaani, tukaona kuwa mambo huwa hivyo mara nyingi: mzazi hukataza, halafu huja mjomba kutoka safari, au ami, au bibi, au kaka mkubwa mwenye kazi mpya na fedha mpya, akamwambia mtoto, "Njoo, usimwambie baba'ko." Tunalifanya kwa mapenzi. Tunataka tuwe watamu kwa watoto ambao hatuwaoni ila kwa mwaka mara moja, na utamu wa haraka hununuliwa. Lakini mtoto hujifunza hapo kwamba katazo la baba lina mlango wa nyuma, na akilijua hilo kwa kwadi atalijua kwa mengineyo. Mwenye kutaka kumpa mtoto ruhusa amwendee baba yake kwanza, waseme wawili pembeni. Baba akisema hapana, ampe mtoto zawadi nyengine. Mzee wetu alituambia kuwa mkwewe hakumlaumu hata kwa neno moja, siku zote nane za hospitali, na kwamba adabu ile ilimuuma kuliko lawama.

Na wazazi wa kiume wasidhani kuwa wamesalimika. Wako wanaowaketisha watoto mbele yao kwenye kwadi, kama tunavyowaketisha juu ya tangi la pikipiki tukiwapeleka chuoni, na hudhani mikono yao miwili ndiyo ukuta. Chombo kikipinduka mbele, mtoto ndiye anayetangulia chini, na baba huanguka juu yake.

Mchezo huu haukubaki ng'ambo. Kendwa na Nungwi kwadi hukodishwa kwa watalii, na Diani kadhalika, na vijana wetu ndio wanaoongoza misafara yake. Tumewaona wenyewe wakipita njia za vijijini kwa mstari, vumbi likiingia madirishani, wakati mwengine mtoto wa mgeni amepakatwa. Kazi ni ya halali na tunawaombea riziki. Lakini kijana mwenye kuongoza msafara ndiye anayekijua chombo, na mgeni anamtegemea yeye. Akisema, "Huyu ni mdogo, hapandi," mgeni atanuna kidogo kisha atalipa ya mkewe na yake. Tena kijana asome kibandiko kilichoko kwenye chombo chake. Kwadi kubwa aghlabu imeandikwa waziwazi kwamba si ya mtu aliye chini ya miaka 16. Na jioni, kazi ikimalizika, asiwape wadogo zake ufunguo wa "kuzungusha mara moja" mpaka bandani. Mara moja hiyo hutosha.

Kwa kijana aliyetimiza umri na ambaye kazi au safari inamlazimisha kupanda, muuguzi wetu amependekeza haya: ajifunze kwa mtu ajuaye kabla ya kujifunza kwa ajali, avae kofia, viatu vya kufunika na suruali ndefu, asipakie mtu, asiingie barabara ya lami, asitoke peke yake, wala asiende mahali asipoonekana na wenzake, kwani aliyelaliwa na chombo kifuani hana muda wa kungoja atafutwe.

Mwisho tutaje la kufanya likishatokea la kutokea. Zimeni injini kwanza. Kama chombo kimemlalia mtu kifuani au tumboni, kiondolewe upesi, na kwa watu wa kutosha ili kisimwangukie tena. Akilalamika shingo au mgongo, au akiwa amezimia, asiinuliwe kuketishwa wala asitiwe kwenye gari kwa kukunjwa; alazwe alipo, kichwa kisitikiswe, msaada uitwe. Damu inayotoka ibanwe kwa nguo safi.

Na mtoto aliyepigwa na usukani tumboni apelekwe hospitali siku ile ile, ingawa amesimama mwenyewe na anatembea. Wengu na ini huweza kupasuka bila ya alama yoyote juu ya ngozi, na damu hukusanyika ndani kwa saa nyingi. Dalili zake ni maumivu ya tumbo yanayozidi, pengine maumivu ya bega la kushoto ambalo halikuguswa, kutapika, weupe, jasho la baridi, na mtoto kutaka kulala tu. Asipewe chakula njiani. Mwelezeni daktari waziwazi kwamba usukani wa kwadi ulimpiga tumboni, wala msione haya kusema nani alimpandisha. Na msimsikilize mtoto akisema hana kitu. Mjukuu wa mzee wetu alilisema neno hilo mara tatu, na ya tatu alikuwa ameshika aiskrimu mkononi.